Kodi ya Mwenye Nyumba, LUKU ya Mpangaji

Kwenye nyumba za kupanga za Arusha, zile za vyumba vinavyotazamana na ua mmoja na mita moja, wiki ya kwanza ya mwezi kila mpangaji ni maskini wa umeme. Mita inalia, hakuna anayeisikia. Dada wa chumba cha kona aliyekuwa apige pasi sare za watoto anasema atanyoosha kesho. Chalii wa bodaboda anachajia simu kijiweni. Anayehangaika ni mwenye friji, maana ana nyama ndani, na mwishowe ndiye anayenunua. Sababu inajulikana uani kote ila haisemwi kwa sauti: umeme wa kwanza wa mwezi ndio unaokatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500, na jengo lenyewe si la yeyote anayelala humo.

Nimepanga nyua za namna hiyo Ngarenaro, kisha Sombetini, na naandika kuhusu hiyo 1,500 kwa makusudi. Mijadala yetu ya sheria na haki ya mtu wa kawaida huanzia kwenye Katiba na kuishia huko huko. Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na mimi sina ugomvi nayo. Ila mtu wa kawaida hakutani na Katiba njiani. Anakutana na tozo, na kiwango, na fomu, na faini, na mgambo wa halmashauri. Huko ndiko haki inakopatikana au kupotea, na mara nyingi inapotea bila mtu kuwa na nia mbaya. Aliyetunga alikuwa anatafuta mtu aliye rahisi kufikiwa, akampata.

Kisheria kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Hapo hapana utata. Agosti 2021 ukusanyaji wake ulihamishiwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa ghorofa. Julai 2023 ikapanda, nyumba ya kawaida ikawa 18,000 kwa mwaka, ndiyo hiyo 1,500 kwa mwezi, na ghorofa 90,000 kwa kila sakafu. Wapangaji walipouliza inakuwaje walipie mali isiyo yao, jibu lilikuwa kwamba wakubaliane na wenye nyumba, hela ikatwe kwenye kodi ya pango.

Mkubaliane. Neno jepesi hilo, kwa mtu ambaye hajawahi kusimama mlangoni kwa mama mwenye nyumba akiwa anaomba pia avumiliwe wiki mbili. Kodi ya pango Arusha unalipa miezi sita mbele, wengine wanadai mwaka. Unapoilipa, hiyo ya jengo bado haijakatwa. Inapokatwa, hela ya mwenye nyumba imeshakwenda kwenye bati, au kwenye ada ya mtoto, au Rombo kwenye msiba. Mkataba wenyewe, ukiwa na bahati, ni karatasi mbili za dukani zilizojazwa kwa kalamu. Wengi wetu tuna ukurasa wa daftari wenye sahihi mbili na namba ya simu. Nilijaribu mara moja.

"Shikamoo mama. Kuna ile hela ya jengo inayokatwa kwenye LUKU."

"Marahaba mwanangu. Si serikali ndiyo imekata? Basi kaidai huko."

Mama yule si mtu mbaya. Mtoto wa mpangaji akiugua usiku ni yeye anayeamka kutafuta gari. Lakini sheria ilimpa nafasi ya kukaa kimya, naye akakaa, kama ambavyo ningekaa mimi. Na mpangaji ana silaha gani? Zamani kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984, ambayo ilimpa mpangaji pa kukimbilia. Ilifutwa 2005. Kilichobaki ni makubaliano ya watu wawili, mmoja akiwa na ufunguo wa geti. Ukitaka kushtaki, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sijaona mtu aliyeacha kibarua akaenda kudai 9,000 ya miezi sita, alipie na hati za kufungulia shauri, kisha arudi jioni kulala kwenye nyumba ya aliyemshtaki.

Udogo wa hela hiyo ndio unaoilinda. Ingekuwa 15,000 kwa mwezi wapangaji wangekuwa barabarani zamani. Kwa 1,500 mtu anasonya, anaingiza tokeni, maisha yanaendelea. Kwenye ua wetu wa Sombetini kulikuwa na karatasi imebandikwa pembeni ya mita: friji 7,000, tivii 3,000, taa na simu 2,000. Hiyo ndiyo sheria ndogo ya uani, tuliitunga wenyewe kwa kelele nyingi, na ilikuwa na akili kuliko ile ya juu kwa sababu ilipima. Mwenye friji alilipa zaidi, na akanung'unika, na bado akalipa. Kodi ya jengo haikuwa na mstari wake kwenye ile karatasi. Kila mara tulipotaka kuuongeza, mtu aliuliza kwa nini tuandike deni la mwenye nyumba kwenye orodha yetu, na swali likawa zito kuliko hela, tukaacha. Akawa anakatwa aliyetangulia.

Tuangalie ujumbe wa tokeni unavyosomeka. Umenunua umeme wa 5,000 mwanzoni mwa mwezi. Kwanza inatoka 1,500. Inabaki 3,500, na ndani yake mna VAT asilimia 18, ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji, asilimia 1, na ya REA asilimia 3 ambayo ni mchango wetu kwa umeme wa vijijini. Umeme halisi unabaki wa shilingi 2,868 na senti. Kwa bei ya 292 kwa uniti, unapata uniti 9.8. Bila kodi ya jengo ungepata 14. Uniti nne na ushee zimelipia paa la mtu mwingine.

Sasa tusimame kidogo kwenye hiyo 292, kwa maana kwangu hapo pana dhuluma kubwa kuliko ya kodi ya jengo, na karibu hakuna anayeizungumzia.

Bei za umeme zilizopangwa 2016 zina kundi linaloitwa D1, la watumiaji wadogo wa majumbani. Ukiwa unatumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100. Ukivuka 75, zile za juu zinauzwa 350. Kundi la matumizi ya kawaida, T1, ni 292 kwa uniti tangu ya kwanza. Nia ya D1 ni nzuri na siibezi. Mtu alikaa akafikiri kwamba kuna kaya inayowasha taa mbili na kuchaji simu, hiyo isilipe sawa na mwenye mashine ya kusaga. Ni sera iliyomtazama maskini na kumwonea huruma.

Tatizo ni kwamba huruma imefungwa kwenye mita, na maskini wa mjini hana mita. Ana sehemu ya mita.

Chukua ua wa vyumba vinane, kila chumba kinatumia uniti 15 kwa mwezi: taa, simu, redio, tivii ndogo jioni. Hakuna hapo mtumiaji mkubwa. Lakini mita haioni vyumba, inaona uniti 120, na inauweka ua mzima kwenye 292. Ukiongeza kodi na tozo za asilimia 22, uniti moja ni shilingi 356. Kila chumba kinachanga zaidi kidogo ya 5,300. Chumba hicho hicho kingekuwa na mita yake, uniti 15 kwa bei ya D1 zingekuwa 1,830 pamoja na kodi zote. Na upande wa pili wa barabara yupo kijana anayeishi peke yake kwenye nyumba ya kujitegemea, ana friji, ana tivii kubwa ukutani, anajibana hadi uniti 70 kwa mwezi. Analipa 8,540. Kwa uniti hizo hizo 70, watu wa ua wa vyumba vinane wanatoa karibu 25,000.

Nirudie, maana hata mimi nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilidhani kikokotoo kimekosea. Punguzo lililowekwa kwa ajili ya mtu mdogo linamfikia bachela mwenye friji, halimfikii mama anayepika maandazi Unga Limited na kugawana mita na kaya saba. Kadiri mnavyokuwa wengi na wanyonge kwenye mita moja, ndivyo mnavyozidi kuonekana tajiri mmoja.

Utasema, basi kila chumba kiwekewe mita. Haya. Kuanzia Januari 2022 kuunganishiwa umeme mjini, laini ya njia moja, ukiwa ndani ya umbali wa mita 30 bila kuhitaji nguzo, ni shilingi 320,960. Kijijini ni 27,000. Mpangaji wa chumba cha 40,000 anatakiwa alipe kama kodi ya miezi minane kuweka mita kwenye ukuta usio wake, ambao anaweza kuambiwa auhame mwezi ujao. Mwenye nyumba naye hana sababu ya kutoa hela hiyo mara nane. Yeye hachangii umeme. Wenye nyumba wengine wameweka mita ndogo za ndani, kila chumba na yake, ugomvi umepungua kweli, lakini hizo zinahesabu tu. Mita ya shirika la umeme ni ile ile moja getini, na bei ni ile ile ya 292. Na ukienda Muriet au Terrat, kata ambazo ziko ndani ya Jiji la Arusha na bado asubuhi unapishana na ng'ombe kwenye mashamba ya mahindi, ubishi wa nani alipe bei ya mjini na nani ya kijijini haujawahi kwisha.

Kwa hiyo mtu huyu mmoja amepigwa mara tatu na sheria tatu tofauti, na kila sheria ukiisoma peke yake ina mantiki yake. Kodi ya jengo inatakiwa ilipwe na wenye majengo: sawa. Mtumiaji mdogo apunguziwe: sawa kabisa. Mjini gharama ya kuunganisha ni kubwa kwa sababu watu wana uwezo: basi, tuseme sawa. Ziweke pamoja juu ya chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi uone.

Kuna jambo la kale katika hii tabia ya kuhesabu nyumba. Wajerumani walipotangaza kodi ya kibanda, iliyoanza kukusanywa 1898, hawakuuliza mtu anavuna nini au ana ng'ombe wangapi. Kibanda hakikimbii, kinaonekana kwa mbali, unakihesabu ukiwa juu ya farasi. Mwenye wake watatu akalipa vibanda vitatu. Boma la Arusha, lile ambalo leo ni makumbusho na wageni wanapigia picha, lilijengwa mwaka 1900 na Waarusha na Wameru walioshurutishwa kubeba mawe, na utawala uliokaa humo ulikula kodi hiyo. Waingereza wakaja wakaendeleza, kibanda na kichwa. Baada ya Uhuru kodi ya kichwa ikafutwa, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, na wazee wa Kilimanjaro wanasimulia hadi leo jinsi wanaume wazima walivyokuwa wakijificha migombani mgambo wakipita kukagua risiti. Ilifutwa 2003 kwa sababu hiyo hiyo: kiasi kimoja kwa kila mtu, aliye nacho na asiye nacho, na gharama ya kumkimbiza asiye nacho.

Leo nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya kawaida ni ipi? Ni isiyo ghorofa. Kwa hiyo jumba la Njiro lenye bustani, vyumba sita vya kulala na bwawa, mradi halijapanda juu, linalipa sawa na nyumba ya tofali za kuchoma ya Pasua, Moshi, yenye bati lililoanza kutoboka. Na usiniambie nchi haijui kupima. Mshahara wako ukiwa chini ya 270,000 kwa mwezi hukatwi PAYE hata senti. Ukivuka unaanza na asilimia 8, unapanda ngazi kwa ngazi hadi 30. Mtu aliyetunga hiyo alijua mabega hayalingani. Alipofika kwenye nyumba akasahau.

Au hakusahau, na hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili. Kupima thamani ya kila nyumba kunataka wathamini, magari, miaka, na mthamini ni binadamu mwenye bei yake. Tunazikumbuka foleni za kulipia kodi ya majengo kabla ya LUKU, watu wamejipanga juani na wazee wamekalia mawe. Kodi hiyo ilikuwa inapotea mchana kweupe. Mita ya LUKU haili rushwa, haimjui diwani, haiendi likizo. Nikiwa waziri wa fedha mwenye barabara za kujenga na Bunge linanisubiri, nami ningeiangalia mita kwa jicho la mahaba. Lakini urahisi huo una mwenyewe anayeulipia, na ni vizuri asemwe.

Shangazi yangu ndiye mwenye ile nyumba ya Pasua. Amevuka miaka 60 muda mrefu, anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe, hiyo moja tu. Sheria imemsamehe: mzee wa umri huo hatakiwi kulipia nyumba anayoishi. Alisikia kwenye redio akafurahi. Mwezi uliofuata tukamnunulia umeme kwa simu kutoka Arusha, ukakatwa. Tukampigia kumwambia aende ofisini. Alikwenda. Akaambiwa alete barua ya mtaa. Mtendaji alikuwa kwenye kikao. Akaipata barua, akarudi, akaambiwa na nakala ya kitambulisho cha NIDA na picha za pasipoti. Picha peke yake zilizidi kodi ya miezi miwili. Aliporudi na picha, aliyeshughulikia mafaili ya msamaha alikuwa kwenye semina.

"Mwanangu," akaniambia, "serikali imenisamehe redioni. Kwenye simu bado inanikata."

Nilicheka, kisha sikucheka. Kukata kunafanywa na mashine, usiku wa manane, bila kukosea mwezi. Kusamehe kunafanywa na foleni. Mwaka wake wa kuzaliwa serikali inao, umo NIDA, ndiyo waliompa kitambulisho. Namba ya mita inayo, ndiyo inayoikata. Vitu viwili hivyo viko ndani ya serikali moja na havisalimiani, na anayetakiwa kuvikutanisha ni bibi mwenye miguu ya kuvimba akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ukidaiwa, serikali ina akili ya kompyuta. Ukiidai, inakuwa na akili ya daftari.

Mtu anaweza kusema sheria ni sheria na haina macho. Inayo, ikitaka. Bajeti ya 2021/22, ile ile iliyotuletea kodi ya jengo kwenye LUKU, ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000. Ni jambo la haki kabisa. Kabla ya hapo chalii mwenye pikipiki ya mkataba, anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, alikuwa akilipa faini sawa na mwenye lori la tani thelathini. Faini moja inameza hesabu ya siku mbili tatu, kwa hiyo alikuwa anachagua kumwachia askari kidogo mfukoni kuliko kulipa. Faini kubwa kuliko mtu ilikuwa inalisha rushwa. Wakaliona hilo, wakarekebisha. Bajeti hiyo hiyo ndiyo iliyoleta tozo za miamala ya simu, zilizoanza Julai 15, 2021, hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Nchi nzima ikapiga kelele, mawakala wakakaa bila wateja, mama zetu wakarudi kutumia makondakta wa Coaster kupeleka hela Moshi. Septemba zikapunguzwa asilimia 30, mwaka uliofuata zikashushwa tena hadi kilele cha 4,000, na 2023 ya kutumiana hela ikaondolewa.

Ninachokiona katika visa hivyo viwili ni kwamba vilirekebishwa vilivyokuwa na sauti. Bodaboda ni wengi, wako pamoja kijiweni, na wakati wa kampeni kila mgombea anawataka. Tozo ya simu ilimgusa hadi mwenye mshahara mnono, hadi kampuni za simu, hadi mbunge mwenyewe akimtumia mwanawe hela ya chuo. Wapangaji wa uani hawana kijiwe. Wanahama. Leo Sakina, mwakani Kwa Mrombo. Hawana chama, hawana mwenyekiti wao, na mwenyekiti wa mtaa mara nyingi ni mwenye nyumba. Watu wa namna hiyo ukiwakata 1,500 huwasikii, na kimya chao kinahesabiwa kuwa ni kuridhika.

Na hii ni Arusha, mji wa mahakama. Hapa lilipitishwa Azimio la Arusha, Januari 1967, lililoapa kwamba hakuna mtu atakayeishi kwa jasho la mwenzake. Hapa ilikaa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda hadi 2015. Hapa ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, na hapa ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2015 mahakama hiyo ya mwisho iliamua kesi ya mfungwa Mtanzania aliyehukumiwa miaka 30, ikaona haki zake zilivunjwa, mojawapo ikiwa kutopewa msaada wa kisheria bure. Miaka miwili baadaye tukawa na Sheria ya Msaada wa Kisheria. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la 2010 lililokuwa linamruhusu mwananchi wa kawaida kwenda pale moja kwa moja, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Kwa hiyo daladala inakupitisha katikati ya mji wenye mahakama ya bara zima, na wewe raia wa nchi mwenyeji huwezi kuipelekea shauri lako kwa mkono wako. Sisemi 1,500 ingefika kule. Nasema tu kwamba tumekaa karibu na haki nyingi sana za watu wengine.

Yangu ni madogo na hayahitaji Katiba mpya. Bei za umeme hazibadilishwi kimyakimya. EWURA huita wananchi watoe maoni. Siku wakiita tena, wa Arusha na wa Moshi waende na swali moja: mita yenye kaya nane ihesabiwe kuwa ni kaya nane, uniti 75 ziwe kwa kaya na si kwa mita. Idadi ya kaya mjumbe anaijua, mtendaji anaijua, sensa ya 2022 ilipita mlango kwa mlango. Nyumba za kawaida zigawanywe angalau ngazi tatu, hata kwa kutazama eneo na ukubwa tu bila mthamini wa thamani. Msamaha wa wazee utoke wenyewe siku NIDA inapoonyesha mtu amefikisha miaka 60, na mwenye wasiwasi kuwa mzee anadanganya ndiye apande bajaji kwenda kuhakiki.

Wakati tunasubiri hayo, na tutasubiri, kuna mstari mmoja ambao mpangaji anaweza kuuongeza kwa kalamu kwenye mkataba kabla ya kutoa hela ya kwanza, wakati mwenye nyumba bado anaitaka: "Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU itapunguzwa kwenye kodi ya pango ya kipindi kinachofuata." Tunzeni zile meseji za tokeni, msizifute, maana makato yanaonekana humo mwezi kwa mwezi. Ua ninaokaa sasa tulimwonyesha mwenye nyumba meseji za miezi sita zikiwa zimepangwa. Alisoma zote, akauliza kwa nini hatukumwambia mapema, kisha akakata 9,000. Mwezi uliofuata akapandisha kodi ya pango kwa elfu tano kila chumba.